Siku Mama Alipovunja Kufuli la Kijiji

Siku tulipomzika baba, kila aliyepewa kipaza sauti alisema neno lile lile: mtoaji. Marehemu alikuwa mtoaji. Marehemu hakujua choyo. Kijana mmoja wa jumuiya, ambaye baba alimchongea kitanda cha harusi bila kudai kitu, alilia kabisa aliposema kwamba mzee angeweza kukuvulia shati la mwilini mwake. Watu wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, khanga kichwani, nimeuma meno mpaka taya zinauma. Shangazi akanishika bega akidhani ni uchungu. Ilikuwa hasira. Nilitaka nimnyang'anye kijana yule kipaza sauti niwaulize waombolezaji: shati lake sawa, lakini vya wenzake alivyovitoa mnaviweka wapi?

Sikusimama. Binti hasimami msibani kumsema baba yake, jeneza halijatoka hata uani. Ndiyo maana naandika. Ninyi wa rika langu, mliokula unga wa njano na kukimbia mchakamchaka na tumbo tupu, mtanielewa. Wadogo zetu watasema huyu mama mzima anagombana na marehemu kwa ajili ya paka. Waache waseme. Nagombana naye kwa ajili ya paka.

Kijiji chetu kilikuwa ufukoni, nje ya mji wa Mwanza, mahali ambapo mawe makubwa yamepandana mpaka unajiuliza nani aliyapandisha. Ukikaa juu yake asubuhi isiyo na ukungu uliona ng'ambo ya Sengerema. Baba alikuja pale kutoka Bukoba kwa meli, fundi seremala mwenye sanduku la vifaa na mke mmoja, na sisi tukawa nyumba pekee ya Wahaya katikati ya Wasukuma. Walimtania "nshomile", yaani msomi wa kujidai, ingawa baba aliishia darasa la nne. Utani ule yeye hakuuona utani. Aliogopa. Tulitoka kwenye nchi ya kahawa na migomba, na enzi zile ilitosha mtu mmoja kusema kwenye mkutano kwamba nyumba fulani ina harufu ya ubepari, basi hulali.

Kwa hiyo baba akaamua kuwa mjamaa kuliko wajamaa wote. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooka katika kila mkutano. Yalipotakiwa mabati, akabandua ya jiko letu, mama akapikia mvuani. Ilipotakiwa cherehani ya akina mama wa kijiji, akatoa ya mama, aliyopewa na kaka yake siku anaolewa. Cherehani ile ilikaa kwenye chumba cha ofisi ya kijiji, ikashika kutu pale pale, hakuna aliyeshona hata kitambaa cha meza. Mama hakusema neno. Alikuwa mwanamke wa kupiga magoti anaposalimia wakubwa, na sauti yake nyumbani uliisikia kwa shida. Mimi nilidhani wanawake wote wa Bukoba wanazaliwa hivyo.

Paka mwenyewe, niliyempa jina Mgeni, alikuja na mtumbwi wa dagaa kutoka Ukerewe. Alikuwa mdogo kama kiganja, wa kijivu, kifua cheupe, na wavuvi walitaka kumrusha majini kwa kuwa alikuwa amekula mzigo. Nikamwomba, wakanipa. Nilimlea kwa vichwa vya dagaa nilivyovitoa kwenye sahani yangu mwenyewe. Alilala kwenye maranda ya karakana ya baba, na nilipotoka shule alinifuata nyuma mpaka kisimani akiwa ameinua mkia. Katika kijiji kile ambacho shamba lilikuwa letu, jembe letu na hata sufuria za harusi zilikuwa zetu, yule alikuwa wangu.

Halafu ukaja mwaka wa njaa, na lori likashusha magunia ya unga wa njano kwenye ghala la kijiji. Ghala lile lilikuwa la mabati juu mpaka chini. Madirisha yake baba aliyapigilia mbao kwa mikono yake kwa amri ya mwenyekiti, ili wezi wasipite. Wezi hawakupita. Panya wakapita. Katika mkutano mwenyekiti, Mzee Masalu, mtu mnene wa kucheka sana, akauliza wananchi wafanye nini. Baba akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, nyumbani kwangu yupo paka hodari. Kuanzia leo si wangu. Ni wa kijiji."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa chini na watoto wenzangu, na kwa ujinga wa kitoto na mimi nikapiga. Nilidhani kuwa wa kijiji ni kupandishwa cheo. Nilidhani sasa kila nyumba itampa Mgeni kichwa cha dagaa, kila mtu atamwuliza hali yake. Kitu cha wote, nilifikiri, kinapendwa na wote. Ilichukua muda kujua kwamba kitu cha wote ni kile ambacho kila mtu anadhani mwenzake amekipa maji.

Mwanzoni aliingizwa jioni na kutolewa asubuhi. Kisha Mzee Masalu akachoka kufungua na kufunga. Akasema panya hawana saa za kazi, paka akae humo humo. Ufunguo ulikaa mfuko wa shati lake. Nikawa nalala kifudifudi mlangoni kila nikitoka shule, napenyeza kichwa cha dagaa kwenye uwazi wa chini na maji kwenye kifuniko cha kopo, na Mgeni ananilamba vidole. Nilimwambia baba kwamba mle ndani kuna joto. Akanijibu bila kuinua macho kwenye randa lake: "Koku, usiwe mbinafsi."

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mbinafsi!

Siku yenyewe ilikuwa ya kupokea kiongozi mjini. Mnakumbuka siku zile: shule imefungwa, lori limejaa watu na matawi, ngoma zinalia tangu alfajiri. Kijiji kizima kilikwenda kujipanga barabarani. Mama alibaki kwa kuwa alichomwa mguu na mwiba wa samaki, ukavimba, na mimi nikaachwa nimwangalie. Mtu mzima mwingine pekee niliyemwona siku ile ni jirani yetu Bibi Mhoja, ambaye alisema umri wake haumruhusu kumpungia mtu mkono juani. Na jua la siku ile lilikuwa kali. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mpapai. Dagaa walioanikwa kwenye mawe walikauka kabla ya saa sita, na miguu yangu peku iliruka-ruka njiani kwa kuungua.

Nilipolala mlangoni na kuita, Mgeni hakuja. Nikachungulia. Alikuwa amelala ubavu karibu na gunia, ameachama mdomo, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi. Nilikuwa sijawahi kumwona paka akihema kwa mdomo. Mbwa ndiye anafanya hivyo. Nikadhani ananicheka. Kweli kabisa, nilidhani amefurahi kuniona, na mimi nikacheka naye. Nikamwambia, "Njoo basi, unacheka nini?" Akajaribu kuinua kichwa, kikaanguka. Ndipo nilipogusa bati la mlango kwa kiganja, nikatoa mkono kama mtu aliyeshika chungu mekoni. Nikakimbia nikipiga kelele.

Mama alikuja akichechemea. Alichungulia mara moja tu. Aliposimama, uso wake ulikuwa umebadilika, na mpaka leo sijui niuelezeje zaidi ya kusema kwamba haukuwa wa mama niliyemjua. Aliokota jiwe. Mwanza mawe hayatafutwi. Akaanza kulipiga kufuli.

"Mama, ni la kijiji!"

"Rudi nyuma, Koku."

Alipiga kwa mikono miwili, bila kusema, khanga imemdondoka kiunoni, mpaka kufuli likaachia. Mlango ulipofunguka joto lilitupiga usoni pamoja na harufu ya unga na mikojo ya panya. Akaingia, akatoka na Mgeni mikononi. Alikuwa analegea kama kitambaa kilicholowa. Mate yalimning'inia kidevuni, na alikuwa anatetemeka.

Bibi Mhoja alikuwa amefika, fimbo mkononi. Akaweka kiganja juu ya paka, akatikisa kichwa kama daktari.

"Homa hii. Mwili unachemka na anatetemeka. Mfunikeni atoe jasho. Nachemsha mwarobaini sasa hivi, tumfukize."

Na msimcheke Bibi Mhoja. Hata mimi nililiona hilo ni jambo la wazi. Mtu akichemka na kutetemeka alikuwa na homa, na mwenye homa alifunikwa. Ni nani kati yetu hakukalishwa chini ya blanketi na sufuria inayofuka, akilia kwamba anakufa, huku watu wazima wakimkandamiza mabega kwa upendo? Nikakimbia kuleta blanketi langu. Bibi Mhoja akalitandaza, akamviringisha Mgeni humo mama akiwa ameinama kuchukua ndoo. Mama alipogeuka na kuona, alitoa sauti iliyotawanya kuku.

"Mtoe! Mtoe humo! Mlishanifunikia mmoja, mnataka na huyu?"

Akalivuta blanketi, akalitupa mbali. Bibi Mhoja alibaki mdomo wazi. Hakuwahi kufunika chochote cha mama. Mimi nilijiuliza ni yupi huyo mwingine, nikajijibu kwamba mama lazima aliwahi kuwa na paka huko Bukoba, akafa. Nikaona hata wivu kidogo kwamba alinificha.

"Koku, maji. Siyo ya mtungini, yale ya baridi yatamshtua. Nenda ziwani."

Nilikwenda na kurudi, nikakwenda na kurudi. Mama alimlaza katikati ya mawe mawili mahali palipokuwa na kivuli siku nzima na ubaridi wa chini. Alilowesha khanga yake, akampangusa masikio, nyayo, makwapa na tumbo, taratibu, manyoya yakalala mpaka Mgeni akaonekana nusu ya ukubwa wake. Nikataka kummiminia maji mdomoni. Akanizuia. "Atapaliwa. Chovya kidole umguse ulimi." Nikachovya. Ulimi ulikuwa mwekundu wa kutisha na ulikuwa wa moto. Bibi Mhoja, ambaye angeweza kununa akaenda zake, aliketi chini na kuanza kumpepea kwa ungo.

Baada ya muda akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza," mama akajibu.

"Pole, mwanangu."

Mama akaendelea kupangusa.

Mgeni alitapika. Macho yake yalikuwa yamefunguka lakini hayatuoni, na mara mbili nilidhani ndiyo basi. Mama hakuniambia atapona. Alisema tu, "Lete mengine." Jua lilipoanza kuelekea Sengerema, mdomo ukafunga. Nilimwona akiufunga mwenyewe na kumeza. Ulimi ulipochungulia tena ulikuwa wa rangi yake ya kawaida. Akajaribu kusimama, akayumba kama mlevi wa gongo, akakaa. Halafu akakojoa, pale pale, juu ya khanga ya mama. Mama akapiga kofi. "Amekojoa! Amekojoa, Koku, basi yumo!" Alicheka huku machozi yanamtoka, akamfuta Mgeni kwa ile ile khanga ya mikojo, na Bibi Mhoja akacheka mpaka akashika fimbo yake asianguke.

Lori lilirudi watu wakiwa bado wanaimba. Wimbo ulikatika walipoona mlango wa ghala uko wazi. Mzee Masalu akaja na watu nyuma yake, akaokota kufuli, akalitazama, akatutazama. Baba alikuwa pembeni yake na tawi mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Koku, hii ni mali ya umma," alisema Mzee Masalu, hata si kwa ukali. "Umevunja mali ya umma kwa ajili ya paka?"

Mama alikuwa bado amekaa chini, Mgeni mapajani. Kabla hajafungua mdomo, baba akawahi.

"Samahani sana, ndugu mwenyekiti. Kufuli nitaleta la kwangu. Na paka akipata nafuu, atarudi kazini."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari ya paka kurudi. Hakuna! Mzee Masalu mwenyewe alikuwa hajafika huko. Baba alitoa bila kuombwa, kama kawaida yake, na hakumtazama mnyama wala aliyempakata.

"Baba Deo," mama akasema.

Nyumbani aliitwa Baba Koku. Kijijini aliitwa Baba Koku. Jina lile lilikuwa halijawahi kutamkwa mbele yangu, na baba aliposikia, tawi lilimtoka mkononi.

"Baba Deo, mtoto alikuwa anachemka hivi hivi. Wajomba zako wakaleta mablanketi, wakasema afunikwe, aongezwe jingine. Nikakwambia mtoto anaungua. Wewe ukaniambia tuwaheshimu wazee. Pembe moja ya blanketi ukaishika wewe. Alipokwisha kuzikwa ndipo sista wa zahanati ananiambia alitakiwa kuvuliwa na kupanguswa maji. Maji tu! Na ziwa lilikuwa pale." Sauti yake haikupanda. "Nikanyamaza. Ukatoa bati, nikanyamaza. Ukatoa cherehani, nikanyamaza."

Ndipo nikaelewa kwamba hapakuwa na paka mwingine. Nilikuwa na kaka. Alikuwa amekufa kabla yangu, na nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyeona nastahili kujua.

Watu walitazama chini. Mzee Masalu akakohoa, akasema hayo ni mambo ya nyumbani, yazungumzwe nyumbani, lakini ghala ni la wote. Nyumbani hayakuzungumzwa. Baba alikula, akalala, akaamka, akaranda mbao. Nilimsubiri aseme hata "pole". Nilimchukia kwa namna ambayo mtoto anaweza kuchukia, yaani kwa mwili mzima.

Mgeni alipoanza kula vizuri na kunifuata kisimani, Mzee Masalu akatuma ujumbe. Baba akafungua sanduku lake, akatoa kufuli, akaliweka mfukoni. Mama hakubishana. Alimchukua Mgeni, akatangulia kwenda ghalani akichechemea, na sisi tukamfuata. Ilikuwa mchana. Mzee Masalu alikuwa anangoja pamoja na watu wachache, Bibi Mhoja akiwemo. Mama aliwasalimia wote kwa adabu, akapiga goti kama siku zote. Kisha akaniwekea Mgeni mikononi, akaingia ghalani peke yake, akakaa juu ya gunia.

"Panya mtanisamehe, siwezi kuwakamata," alisema kutoka mle ndani. "Lakini zamu ya leo ni yangu. Fungeni."

Mzee Masalu alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mama Koku, toka huko. Watu watasemaje?"

"Baba Deo, funga. Kufuli unalo."

Baba alisimama mlangoni na kufuli mkononi. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka mama pale alipokaa, tuliliona likimshuka shingoni, na mlango ulikuwa bado wazi. Nilikuwa namtazama baba. Nilikuwa na hakika atafunga. Nilimjua. Mwenyekiti alikuwa anatazama, na baba alikuwa hajawahi kumnyima mtu kitu mbele ya mwenyekiti.

Akampa Mzee Masalu lile kufuli. Akainama kupita chini ya kizingiti alichokipigilia mwenyewe, akaingia, akakaa kwenye gunia la pembeni.

Mama alimtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Koku. Sukuma mlango, mwanangu."

Niliusukuma. Niliusukuma kwa nguvu zote za hasira yangu, bati likalia, nikageuka nikauegemea kwa mgongo na Mgeni kifuani. Uliniunguza kupitia gauni. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume akilia, nikachukua muda kutambua ni ya nani, na katikati ya kilio akimwita Deo, Deo mwanangu, mara nyingi.

Mzee Masalu alinijia. "Mtoto, fungua mlango. Watakufa na joto humo."

"Shikamoo," nikamwambia, na sikusogea.

Nilikuwa nangoja mama aniambie nifungue. Mama hakuwa na haraka.